Ukitaka Kuona Magari ya Zamani, Njoo Msalato Jumamosi

Bunge likiwa kwenye vikao, Dodoma hujaa mashangingi. Kutoka mjini hadi Mtumba, kwenye ofisi za serikali, ni Land Cruiser nyeupe kwa nyeupe, vioo vyeusi, namba za serikali za STK na STL, na kila dereva ana haraka kana kwamba bajeti haiwezi kusomwa bila yeye. Mgeni anaweza kuondoka akiapa kwamba mji huu hauna gari lililozidi miaka kumi. Ila mgeni huyo hakufika barabara ya Kondoa Jumamosi asubuhi. Siku hiyo kuna mnada Msalato, na kila chenye magurudumu kinachoweza kubeba mbuzi, gunia au shangazi mwenye ndoo zake za nyanya kinatoka kilikokuwa kimelala.

Kazi yangu ni ya ofisini, na gari langu ni Passo isiyo na cha kusimulia. Lakini simu yangu ina picha nyingi za shoo, yaani nyuso za mbele za magari, na mabampa kuliko za ndugu zangu, na mke wangu ameshazoea kuachwa katikati ya maongezi kwa sababu Peugeot imepita. Marafiki huniuliza raha yake iko wapi. Nawaambia wakae kwenye foleni ya Ihumwa, katikati ya IST, Harrier tako la nyani na malori ya kwenda Rwanda, halafu wasubiri ile dakika ambayo upande wa pili inatokea Land Rover ya miaka ya 1960 imejazwa majani ya ng'ombe mpaka dereva haonekani. Asiyeelewa hapo, mimi siwezi kumsaidia.

Nchi za wenzetu gari la zamani lina heshima yake kisheria. Uingereza, gari likitimiza miaka 40, mwenyewe anaweza kuomba lisamehewe kodi ya barabara, nalo likaandikwa kuwa ni gari la kihistoria. Kwetu mambo ni kinyume. Ukiagiza gari kuukuu kutoka nje, ushuru wa uchakavu unakusubiri pale pale pamoja na kodi nyingine zote. Kwa hiyo gari la kale unalopishana nalo Dodoma, mara nyingi halikuletwa juzi na mtu mwenye hela za kuchezea. Lilikuja likiwa jipya, au karibu na jipya, enzi ambazo kupata gari kulitaka kibali na fedha za kigeni, na tangu hapo hakuna aliyepata nafasi ya kulipumzisha. Limepona kwa sababu linatumika. Ukilisogelea unaweza kusoma kwenye bodi yake kila balaa lililowahi kulikuta, na fundi alilitatua kwa kitu gani: bolti ya trekta, bati la paa, kipande cha tairi. Gari la maonyesho halinisomeshi hivyo. Ni zuri, nalipiga picha, naondoka.

Na Dodoma yenyewe inasaidia. Dar es Salaam na Tanga chumvi ya bahari inakula chesesi usiku na mchana. Huku mvua ni kama milimita 600 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na miezi iliyobaki ni upepo na vumbi. Chuma kinakaa. Kuna gari liko juu ya mawe Chang'ombe ya hapa hapa Dodoma, rangi imekwisha kabisa, limebaki bati tupu la kahawia, na bado ukilipiga kwa kidole linalia sawasawa, halijatoboka. Kinachokufa huku ni mpira na plastiki. Jua la Oktoba linapasua dashibodi na kukausha mipira ya milango mpaka inamomonyoka mkononi. Ndiyo maana magari mengi ya wazee wa huku yamefunikwa dashibodi kwa kitambaa cha kufuma, na mlango ukifungwa unasikia bati kwa bati. Ukikuta gari la miaka ya 1970 lina mipira mizima na dashibodi inayong'aa, uliza limetokea wapi. Hilo si mwenyeji.

Tuanze na Land Rover, maana hata usipoitafuta itakutafuta. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kilikuwa cha mgawo, alumini ikawa rahisi zaidi kupatikana, basi wakatengeneza bodi ya aloi ya alumini wakaiweka juu ya chesesi ya chuma. Uamuzi ule wa shida ndio unaozifanya leo zitembee Mpwapwa na Kondoa. Bodi inabonyea lakini haiozi, na chesesi ikianza kuoza inachomelewa, maisha yanaendelea.

Kuzitofautisha unaanza na taa za mbele. Zikiwa kifuani, zimebanana kila upande wa shoo, hiyo ni ya zamani kweli: Series II iliyotoka 1958, au IIA iliyofuata 1961. Mwishoni mwa miaka ya 1960 taa zikahamishiwa kwenye madigadi, pembeni kabisa, na zikabaki huko. Halafu tazama shoo. Ya wavu wa chuma ni ya hao wakubwa. Ya plastiki ni Series III, iliyoanza 1971 na kuishia 1985. Wenye Land Rover wana utani kwamba shoo ya wavu unaweza kuing'oa ukachomea nyama, na pale Msalato, moshi wa mbuzi ukiwa umetanda kila upande, utani huo unakaribia kuwa ushauri. Ukichungulia ndani, saa za dashibodi zikiwa katikati ni Series II. Zikiwa mbele ya dereva ni Series III. Wan ten, yaani 110, ilikuja 1983 ikiwa na springi za mviringo badala ya springi za mapande, ndiyo maana wazee wa 109, zile Series ndefu, wanaisema kuwa ni gari la walegevu. Jina la Defender halikuwepo mpaka 1990, na uzalishaji wa ukoo ule ulikoma Januari 2016.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote kwenye hizi 109 kiko chini tu ya kioo cha mbele. Ni vifuniko viwili virefu, vyembamba, unavifungua kutoka ndani kwa kusukuma mkono mdogo wa chuma. Ndiyo eyakondisheni yake. Kwenye lami vinakupa upepo mzuri wa kifuani. Kwenye barabara ya vumbi, nyuma ya lori la chumvi, unavifunga haraka na kuvumilia joto. Juu ya paa, zile za stesheni, zenye bodi iliyofunikwa hadi nyuma, mara nyingi zina paa la pili lililoachwa nafasi kidogo, hewa ipite katikati jua lisiwakaange abiria. Siku hizi kwenye nafasi ile utakuta wameingiza maboga, panga na kamba za kufungia ng'ombe.

Halafu kuna ugomvi usioisha, nao ni wa injini. Injini ya petroli ya lita 2.25 iliyokuja na gari inakunywa mafuta bila aibu, na bei ya petroli hakuna asiyeijua. Basi mafundi wametoa, wakaweka injini ya dizeli ya Toyota au Nissan. Nimesikia wazee wawili pale mnadani wakikaribia kugombana kuhusu jambo hili, mmoja akisema Land Rover yenye injini ya Toyota ni sawa na kuoa mke ukamwambia asije na roho yake. Mwenzake akamjibu, "Kaka, wewe na roho yako umelala njiani mara ngapi?" Wote wakacheka, hakuna aliyeshinda. Mimi niko upande wa yule wa pili. Gari lililobadilishwa injini likaendelea kupeleka wagonjwa na mahindi lina haki ya jina lake. Tatizo langu ni pale wanapobadilisha na sura: bampa la mabomba, rimu za kung'aa, taa za bluu kama disko. Hapo nakaa kimya, lakini picha sipigi.

Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha kubwa la Land Rover, zikaenda za kila rika na kila mkoa. Lilikuwa jambo jema. Ila kilichonifurahisha zaidi ni kwamba mafundi wa huku walipata kazi wiki nzima kabla yake, maana kuna magari yalikuwa hayajawahi kuvuka Kondoa tangu lami ikamilike, na ghafla yakatakiwa yafike Arusha na kurudi.

Peugeot ni habari nyingine, na hapa naomba nikae kidogo.

Wazee wetu waliipenda Pijo kwa sababu zinazoeleweka. Mbio za magari za Safari Rally, zilizoanza 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, zilikuwa tangazo kubwa kuliko redio. Peugeot 404 ilizishinda mwaka 1963, ikarudia 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, Mskochi aliyekuwa akiishi hapa hapa Tanzania. Gari likishinda kwenye matope na mashimo ambayo na wewe unayajua, huhitaji mtu wa kukushawishi. 504 ilipotoka 1968, ikapewa tuzo ya gari bora la mwaka Ulaya 1969, ikaja kukuta imeshatandikiwa mkeka. Ufaransa waliacha kutengeneza saluni yake 1983, lakini Kenya na Nigeria waliendelea kuiunganisha miaka mingi baadaye. Ndiyo maana spea zake bado zinapatikana ukiwa na mtu Nairobi.

Siku moja nilisimama kituo cha mafuta upande wa Kizota, nikaikuta 504 ya stesheni, rangi ya maziwa yaliyoungua, imepaki kivulini boneti juu. Pembeni mzee mwenye kofia ya pama alikuwa anafuta kifuniko cha rejeta kwa kitambaa, taratibu, jinsi mtu anavyofuta miwani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hujambo mwanangu."

"Sijambo. Samahani, hii stesheni ni ya mwaka gani?"

"Kadi inasema sabini na tisa. Wewe ni dalali?"

"Hapana mzee. Napenda tu kuyaangalia."

"Basi angalia. Kuangalia hakuna risiti."

Nikainama juu ya injini. Ile injini ya petroli ya 504 haikusimama wima, imelazwa kwa pembe, upande mmoja umeinuka na mwingine umeshuka, ndivyo kiwanda kilivyoipanga ili boneti ikae chini. Mzee akaniona ninavyoitazama, akacheka. Akasema kuna kijana fundi aliwahi kufungua boneti ile, akashtuka, akaanza kuandika orodha ya maunting, vile vishikio vya injini, za kununua kwa kudhani zimekatika. "Nikamwambia funga, mwanangu, ukamwite baba yako."

Nikapiga goti niangalie nyuma. Stesheni ya 504 unaijua chini: springi mbili kila upande wa ekseli ya nyuma, nne kwa jumla, wakati saluni ina mbili tu. Zilikuwepo zote nne, zimepakwa vumbi hadi zimekuwa nyeupe. Bushi moja ilionekana mpya, nyeusi sana, na nilipoisogelea nikaona nyuzi zikichungulia pembeni. Imechongwa kutoka kwenye tairi la lori. Nikamuuliza kama zinadumu. Akasema zinadumu kuliko za dukani, "kwa sababu tairi lilishazoea shida."

Alikuwa ametoka Manyoni, ameleta alizeti kidogo na kuja kumwona mjukuu hospitali. Aliniambia gari lile alilinunua kwa ofisa mmoja wa serikali aliyekuwa anahama, wakati ambapo ukiwa na gari Jumapili ulilitazama tu. Miaka ile ya shida ya mafuta, baada ya vita vya Kagera, magari binafsi yalikuwa hayaruhusiwi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. "Ibada ikichelewa," alisema, "mchungaji mwenyewe anaangalia saa." Mkewe ndiye aliyekuwa anampigia hesabu: tumebakiza nusu saa, washa.

Nikamuuliza kama amewahi kufuatwa na wanunuzi. Akasema walikuja vijana kutoka Dar es Salaam, wamevaa vizuri, wanataka kuipiga rangi nyeupe iwe inabeba maharusi.

"Ukawaambiaje?"

"Niliwaambia wawalete hao maharusi, nitawapeleka wanakotaka, kisha nirudi na gari langu. Hela waliyotaja ningepata IST. Sasa IST nitaiwekea wapi magunia?"

Akafunga boneti kwa mikono miwili, akapanda, akashika mkono wa gia pembeni ya usukani, akaivuta kwake na kuisukuma juu bila kuangalia. Injini ile inaunguruma chini chini, haina kelele. Mhudumu wa kituo, binti ambaye sidhani kama amefikisha miaka 25, aliniuliza lile ni gari la nchi gani.

Sasa namba. Mtu akitaka kuanza mchezo huu, asipoteze muda kujifunza modeli zote. Ajifunze kusoma vibao. Mfumo wa sasa wa T, tarakimu tatu na herufi tatu, ulianza mwanzoni mwa miaka ya 2000, na herufi ya kwanza inasogea kadiri magari yanavyosajiliwa: namba A, B, C, D, na sasa E. Mtaani gari linauzwa kwa herufi hiyo. "Namba D, haijachoka." Kwenye magari ya kale herufi inasema kitu kingine. Land Rover ya 1967 yenye namba A maana yake ilikuwepo nchini tayari mfumo ulipobadilika, ikavuliwa kile kibao cha zamani cha TZ ikavalishwa kipya. Huyo ni mkongwe wa hapa hapa. Lakini ukikuta Benzi ya 1975 inang'aa ina namba E, hiyo imeingia juzi kutoka nje, au imelala sana ikaamshwa na mtu mwenye uwezo. Mara moja moja kwenye ua wa nyumba za zamani, gari likiwa juu ya mawe, kibao cha TZ bado kipo. Mimi hapo huwa natoa kofia, nikiwa nimevaa.

Herufi za SU nazo zifuatilie, za mashirika ya umma. Magari ya serikali na mashirika yakichakaa huuzwa kwenye mnada, na hapo ndipo wan ten nyingi na Land Cruiser za mkonga zilikopata wenyewe wapya. Milangoni, chini ya rangi ya pili, mwanga wa jioni ukipiga vizuri, unaweza kuona kivuli cha nembo ya mradi wa maji au wa chanjo uliokwisha zamani. Nimeshasoma historia ya maendeleo ya mkoa huu kwenye milango ya magari zaidi ya kwenye ripoti.

Kuhusu Benzi na Volkswagen sitakaa sana. Benzi za W123, zile za 1976 hadi 1986, zipo na zitakuwepo. Zilitengenezwa karibu milioni 2.7 duniani, na dizeli yake haijui kufa. Volkswagen ya mgongo wa duara kila mtu anaipenda, watoto wanaipungia mkono, na ina watetezi wa kutosha. Naiheshimu, nasonga mbele.

Ninayemtetea mimi ni Datsun. Hapa najua nitabishiwa, maana watu wakisikia gari adimu wanataka kitu cha Kiingereza au cha Kijerumani. Lakini hesabu mwenyewe. Lini mara ya mwisho umeona Datsun 120Y inatembea? Ya miaka ya 1970, ndogo, ya walimu na makarani, ambayo ukiangalia picha za harusi za wazazi wetu ipo nyuma ya bibi harusi nusu taa. Zilikuwa kila mahali, na kwa sababu zilikuwa kila mahali hakuna aliyefikiri kuitunza hata moja. Bati lake jembamba, jina lenyewe kampuni ikaliacha miaka ya 1980 ikabaki na Nissan, na spea zikafuata. Land Rover ikifa, mwenyewe anaiweka juu ya mawe akisubiri hela. Datsun ikifa, anaitwa mtu wa skrepa.

Na hao watu wa skrepa ndio wanaoamua magari gani yatabaki adimu na yapi yatatoweka kabisa. Wanapita mtaa kwa mtaa na mizani, chuma kwa kilo. Sina ugomvi nao, wanatafuta riziki, na mama aliyekaa na gari bovu uani miaka 20 ana haki ya kupata ada ya shule ya mtoto kutoka kwalo. Ila nimefika gereji moja Majengo nikakuta mlango wa nyuma wa Datsun pikapu, ule wenye herufi kubwa DATSUN zilizobonyezwa kwenye bati lenyewe, umetumika kufunikia shimo la maji machafu. Fundi alishangaa ninavyouinamia. Nikamwambia akichoka nao anipigie. Akataja bei pale pale, bei ya mtu aliyegundua kwamba mwenzake ana wazimu.

Kwa mantiki hiyo hiyo, Toyota Stout, Corolla za miaka ya 1970 na Corona zilizokuwa teksi kabla ya teksi mtandao hazijazaliwa, hizo nazo nazipiga picha kama mtu aliyekutana na twiga mjini. Vijana wananicheka. Nao wanaosha Mark II GX100 zao kila Jumapili, wanabadilisha rimu, wanapiga muziki, hawajui kwamba miaka 20 ijayo kuna mtu atasimama barabarani kuzitafuta na hatazipata, kwa sababu zote zitakuwa zimegongwa.

Turudi Msalato kwa malori, maana mnadani ndogo zinaonekana, kubwa ndizo zinazotisha. Bedford za enzi za vyama vya ushirika bado zinafika, chache, mbao za bodi zimebadilishwa kila moja kwa wakati wake. Scania za pua pia, zile ambazo injini iko mbele ya kebini na dereva anakaa nyuma yake kwa raha. Kwa miaka kadhaa Scania ziliunganishwa Kibaha, Pwani, kwa hiyo baadhi ya hawa wakongwe wanaolalamika kwenye mlima ni Watanzania kwa kuzaliwa. Nenda Kibaigwa msimu wa mahindi, pale soko la kimataifa, utaziona zimejipanga na matrekta ya Massey Ferguson yaliyofika nchini kabla mimi sijafika duniani.

Kibaigwa iko Wilaya ya Kongwa, na Kongwa ndiyo mahali palipoletewa mashine nyingi kwa mpigo kuliko pengine popote katikati ya nchi. Mpango wa karanga wa Waingereza, 1947 hadi 1951, ulimwaga huko matrekta na malori, mengi yakiwa mabaki ya vita. Hata vifaru vya Sherman vilifanyiwa kazi na kampuni ya Vickers vikawa matrekta ya kung'olea miti, wakaviita Shervick. Zaidi ya pauni milioni 30 zikaliwa na udongo ule mgumu na ukame, karanga hazikuonekana. Wengine wanaikumbuka Kongwa kwa hasara hiyo, wengine kwa kambi za wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika zilizofuata. Mimi nikipita huko macho yangu yako kwenye mabanda, chini ya mibuyu, nyuma ya majumba ya mawe, kama kuna chuma kilichosahaulika.

Lakini ninalolitafuta hasa si la Waingereza. Ni Nyumbu. Lori lililobuniwa na kutengenezwa na wahandisi wetu kule Kibaha, kwenye kituo cha teknolojia ya magari kilicho chini ya jeshi, miaka ya 1980, wakati nchi haina hela ya kununua hata betri. Watu wazima wengi wamelisikia, wachache wameliona, na vijana wakiambiwa Tanzania iliwahi kutengeneza lori wanadhani unawatania. Sitaki la makumbusho, na la jeshini silisogelei. Magari ya jeshi na polisi hayapigwi picha, na anayeanza mchezo huu aanze na sheria hiyo. Nataka la uraiani, linalobeba kitu.

Kuna dereva wa tipa nilikutana naye Kibaigwa anasema analijua moja, linabeba mchanga kwa mtu binafsi njia ya kwenda Mpwapwa. Amekubali kunipeleka. Ameniambia mapema nisije nikalalamika: halina boneti, mlango wa kushoto umefungwa kwa kamba, na asubuhi za baridi haliwaki mpaka lisukumwe. Nimemwambia kusukuma naweza.